Nesi akirudi nyumbani, anarudi na nini?

Safari hii maswali yote ni ya jambo moja, sikuchagua mimi, mmechagua nyie. Kila ikisikika habari ya ebola au nduguye Marburg mahali popote barua zinamiminika, ila zamani mlikuwa mnauliza kuhusu wagonjwa, sasa hivi mnauliza kuhusu sisi. Manesi, madokta, watu wa maabara, hadi dereva wa ambulensi. Mnaogopa tunawaletea ugonjwa majumbani. Haya, tusizunguke mbuyu, tuongee. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Sista, habari za kazi. Mimi nina nyumba ya kupangisha, vyumba sita, choo kimoja bafu moja. Mpangaji wangu mmoja ni nesi, na kapangiwa wodi ya wagonjwa wa ebola. Wapangaji wenzake wameniambia wazi, huyu akibaki wao wanahama wote. Simchukii, kodi analipa vizuri na ni mtu wa heshima zake, ila na mimi nina wajukuu humu ndani. Nimwambie aondoke? Mwenye Nyumba.

Shikamoo mzee wangu. Hapana, usimtoe, na sikwambii hivyo kwa sababu ni nesi mwenzangu.

Kirusi cha ebola hakisafiri kwenye hewa kikakukuta umekaa zako barazani. Kinapita kwenye majimaji ya mwili wa mtu anayeumwa au aliyekufa nao, yaani damu, matapishi, choo, mkojo, mate, jasho, maziwa ya mama, shahawa, na hayo majimaji lazima yapate mlango kwako, iwe kidonda au mchubuko, au macho, pua, mdomo. Halafu kuna kitu ambacho watu wamekisikia mara mia wakakipuuza: aliyeambukizwa haambukizi mtu mwingine kabla dalili hazijaanza. Toka siku kirusi kimeingia mpaka dalili kuanza zinapita siku 2 mpaka 21, na siku zote hizo anatembea, anakula, anapiga stori na nyie na hana cha kuwapa. Homa ikianza ndo mambo yanaanza, na hata hapo siku za mwanzo virusi bado ni vichache mwilini, vinapanda kadri mtu anavyozidiwa.

Kuna daktari wa Marekani anaitwa Craig Spencer, Oktoba 2014 alirudi New York akitoka kutibu wagonjwa wa ebola Guinea. Kapanda treni za chini ya ardhi, kaenda kucheza mchezo wa kuangusha pini, kala mgahawani, na nyumbani anaishi na mchumba wake. Tarehe 23 akaona homa, akapiga simu mwenyewe, akachukuliwa na watu waliovaa vizuri, vipimo vikatoka ni ebola. Mji mzima roho juu, magazeti yanahesabu alishika bomba gani kwenye treni. Waliougua kutokana na yeye? Hakuna. Hata mchumba wake hakuugua.

Sasa hilo la choo kimoja mzee sitalipuuza. Mtu akishaanza kutapika na kuhara, choo cha pamoja ni hatari kweli. Ndo maana mazungumzo ya kufanya na huyo binti ni ya siku akipata homa: atampigia nani, atakaa chumba gani akisubiri kuchukuliwa, na nyie wengine mtatumia choo gani kwa saa hizo. Muulize, utakuta anajua kuliko wewe, na joto anapima kila siku, na nguo za wodini zinabaki wodini.

Ukimtoa je? Atatafuta chumba kwingine na safari hii hatasema anafanya kazi gani. Liberia na Sierra Leone mwaka 2014 wahudumu walifukuzwa na wenye nyumba kwa woga huohuo, na mtu akishafukuzwa mara moja anajifunza kufunga mdomo. Mimi ningekuwa wewe ningemtaka yule ambaye akisikia kichwa kinauma anagonga mlango wangu kuniambia, sio yule anayemeza panadoli kimyakimya kwenye chumba cha watu wasiomjua. Hao wapangaji wengine waonyeshe gazeti hili, kama bado wanataka kuhama basi wahame, vyumba havikosi watu.

Mnatuambia tusiogope, halafu nyie wenyewe mnavaa manguo mazima toka utosini mpaka kwenye viatu kama mnaenda mwezini. Nani anadanganywa hapa? Mwenye Mashaka.

Swali zuri, na nimechoka kuliona likijibiwa kwa kubezwa.

Mwaka huohuo 2014 pale Dallas alifika mgeni kutoka Liberia, akaugua. Mara ya kwanza alienda hospitali wakamrudisha nyumbani, akawa anaumwa ndani ya nyumba na watu wanne wa familia aliyofikia, chumba kidogo, mashuka yana jasho, siku kadhaa hivyo. Akarudishwa na ambulensi amezidiwa, akalazwa, akafariki Oktoba 8. Watu walioishi naye nyumba moja hawakuugua hata mmoja. Walioambukizwa ni manesi wawili waliomhudumia hospitalini, na wote wawili walipona.

Umeona inavyokwenda? Ugonjwa ukifika mwisho mgonjwa anatoa majimaji lita kwa lita na kila tone limejaa virusi, na anayeyafuta ni nesi, anayembadilisha ni nesi, anayemchoma sindano mshipa umepotea ni nesi. Zile nguo ni za saa hizo na mahali hapo. Sokoni hazihitajiki kwa sababu mtu wa hali ile hayupo sokoni, hawezi hata kusimama.

Na ngoja niongeze, kuvaa sio kazi, kazi ni kuvua. Umetoka wodini umeloa jasho, umechoka, mikono inatetemeka, na nje ya ile nguo pamechafuka, hapo ndo mtu anajikuna pua. Madrid mwaka huo nesi msaidizi mmoja aliambukizwa, na alikuja kusema huenda glavu iligusa uso wakati anavua. Ndo maana siku hizi unavua hatua kwa hatua na mwenzako amesimama pembeni anakuangalia na kukwambia "simama, mikono kwanza."

Mtoto wangu anasoma darasa moja na mtoto wa daktari anayetibu hao wagonjwa. Nimhamishe? Mama Wawili.

Usimhamishe. Yule daktari mwenyewe kama haumwi haambukizi, sembuse mtoto wake. Ila mfundishe mwanao asimtenge mwenzake, maana hilo nimeshaliona, watoto wanalibeba kutoka midomoni mwa sisi wazazi.

Shikamoo Sista. Mtaani kwetu wanasema hospitali ndo inayoua. Mtu anaingia na malaria anatoka na ebola, au hatoki kabisa. Wengine wanasema manesi wanalipwa wasambaze. Mimi sitaki kuamini ila mbona walioenda wengi hawakurudi? Kijana Anayetafuta Ukweli.

Marahaba mdogo wangu. Barua yako ina mambo mawili na mtaani wameyachanganya, ngoja niyatenganishe.

La kulipwa, ni uongo, na ni uongo unaoua. Septemba 2014 kule Womey nchini Guinea timu ilienda kuelimisha watu kuhusu ebola, wanakijiji wakaamini wamekuja kusambaza, watu wanane wakauawa, humo wahudumu wa afya na waandishi wa habari. Kongo, Aprili 2019, Dokta Richard Mouzoko alipigwa risasi ndani ya hospitali pale Butembo, alikuwa ametoka Cameroon kuja kutibu watu. Na fikiria tu kama hesabu: kwenye mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 mpaka 2016 wahudumu zaidi ya 800 waliambukizwa na zaidi ya 500 wakafa, Shirika la Afya Duniani likasema hatari yao ya kuambukizwa ilikuwa mara 21 mpaka 32 ya watu wazima wengine. Mtu anayelipwa kuwasha moto hajifungii ndani ya nyumba inayoungua.

Lakini la pili, kwamba hospitali imewahi kusambaza ugonjwa, hilo ni kweli, na mimi sitakudanganya kwa sababu navaa unifomu. Ebola yenyewe ilipojulikana mara ya kwanza, 1976, kule Yambuku nchini Kongo, ilisambazwa sana na hospitali ya misheni. Kila asubuhi kliniki ilikuwa inapewa mabomba matano ya sindano kwa wagonjwa wote wa siku nzima, na baina ya mgonjwa na mgonjwa wanasuuza kwa maji ya uvuguvugu, basi. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Sasa angalia na upande wa pili: wafanyakazi wa hospitali walikuwa 17, wakafa 11. Wale masista wa misheni hawakuwa wauaji, walikuwa na sindano tano.

Rudi nyuma zaidi, Vienna 1847. Kwenye wodi moja ya wazazi, Aprili ile, kina mama 18 kati ya kila 100 walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi. Daktari Ignaz Semmelweis akagundua madokta wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha, mikono hiyohiyo. Akawalazimisha kunawa mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini, kufika Juni vifo vimeshuka hadi kama 2 kwa 100. Unadhani walimshukuru? Walinuna. Madokta wakubwa waliona wanatukanwa kuambiwa mikono yao ni michafu. Hiyo tabia, nakwambia kwa siri, haijaisha kabisa, mpaka leo kuna mkubwa ukimkumbusha kunawa anakuangalia kuanzia chini kwenda juu.

Na sio ebola peke yake. SARS ya 2003, ule ugonjwa wa kupumua, waliugua watu 8,096 duniani, zaidi ya 1,700 walikuwa wahudumu wa afya, na hospitali zilikuwa ndo vituo vikuu vya kuambukizana. Ile ilikuwa inaambukiza kwa mfumo wa hewa, kukohoa na kuweka mipira ya kupumulia, kwa hiyo usichukue masharti ya ugonjwa mmoja ukayabandika kwenye mwingine. Rwanda 2024, Marburg, walithibitishwa wagonjwa 66 wakafa 15, na wengi waliougua walikuwa wahudumu wa afya. Marburg nayo inaanza kama malaria tu, homa, kichwa, viungo, na nesi anampokea mgonjwa wa kwanza akiwa hajui chochote. Mnasema nesi kaleta ugonjwa. Ukifuata mnyororo unakuta nesi ndo wa kwanza kuumizwa.

Kwa nini wengi hawakurudi? Kwa sababu walienda wamechelewa, na ebola kwa wastani inaua kama nusu ya inaowapata. Siku hizi kwa ile aina ya ebola inayoitwa Zaire kuna chanjo na kuna dawa mbili za kingamwili zilizoidhinishwa Marekani 2020, anayewahi ana nafasi kubwa kuliko anayefichwa ndani mpaka azidiwe. Kwa hiyo usiulize "manesi wana nia gani." Uliza "hii hospitali ina glavu? Ina maji? Nani anatenga wenye homa pale mlangoni?" Hayo ndo maswali yanayowatoa wakubwa jasho, na sisi wa wodini tunatamani sana myaulize.

Mimi ni mfanya usafi wodini. Juzi nilikuwa nafunga mfuko wa taka, kukawa na sindano, ikanichoma kidole juu ya glavu. Sijamwambia mtu. Nikisema nitatengwa, mshahara utakatwa, na nyumbani watajua. Sina homa. Nifanyeje? Nimenyamaza.

Ndugu yangu, barua yako nilishaijibu kwa njia uliyoniachia, sikusubiri toleo, ila nairudia hapa maana mko wengi.

Sema leo. Mtafute msimamizi wa kuzuia maambukizi au mkuu wa zamu, mwambie siku, saa, na sindano ilitoka chumba gani. Kutokuwa na homa sasa hakumaanishi chochote, siku 21 hazijaisha, na ndo faida yenyewe: bado hujaweza kumwambukiza mtu, umepewa muda. Kama ni ebola ya Zaire, watu waliochomwa hivyo wanaweza kupewa chanjo au dawa ya kingamwili mapema kabla ugonjwa haujaanza, na mapema maana yake mapema. Hiyo chanjo haisaidii kwa ebola ya aina nyingine, ile ya Sudan, wala Marburg, lakini hata huko ukifuatiliwa toka mwanzo utaanza kutibiwa siku ya kwanza ya homa na sio ya sita.

Kwa wengine ambao bado hayajawakuta: ukichomwa acha kazi palepale, toka kwa utaratibu, vua kwa utaratibu bila papara, nawa kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikikamue, usimwagie klorini kali. Ikiruka machoni, suuza kwa maji mengi safi. Halafu ripoti.

La mshahara sasa, hapa sisemi na wewe, nasema na mabosi. Mkimkata hela mtu aliyechomwa akiwa anafunga taka zenu, mmemlipa anyamaze. Mfanya usafi, mlinzi, mfuaji nguo, dereva, mtu wa mochwari, wote hawa wanagusa kilekile anachogusa daktari, halafu kwenye mafunzo na kwenye glavu nzuri wanakumbukwa mwisho. Na sindano kwenye mfuko wa taka ni kosa la aliyeitupa humo, sindano ina boksi lake.

Mume wangu ni tabibu, karudi wiki iliyopita kutoka kwenye mlipuko. Haumwi. Analala chumba cha wageni, anakula peke yake, mashemeji wameacha kuja. Mimi nimechanganyikiwa, nampenda lakini naogopa. Mke wa Tabibu.

Pole dada. Kuogopa sio dhambi wala sio kutompenda.

Kama haumwi, hawezi kukuambukiza. Mpime joto asubuhi na jioni, au ajipime mwenyewe, muandike kwenye daftari mpaka siku 21 toka alipotoka kwenye mlipuko ziishe. Kama timu iliyomtuma imempa masharti, mfano asiende kwenye mikusanyiko, ayafuate, lakini kuongea naye, kula naye meza moja, kukaa naye sebuleni, hakuna shida. Mimi ningemtoa huko chumba cha wageni aje ale na watu. Wengine wanatoka kwenye yale mambo wamezika watoto wa watu kwa mikono yao, na usiku hawalali, wanakuja nyumbani wanakuta wametengewa sahani.

Homa ikija, hata ndogo, hapo masharti yanabadilika dakika hiyohiyo: anabaki chumba kimoja na ndoo yake au choo chake, wewe humgusi, humfulii, humfuti jasho, najua itauma, unapiga simu ya timu ya mlipuko na unasema neno ebola waziwazi ili waje wamejiandaa. Usimpeleke kwa gari ya abiria. Mara nyingi itakuwa malaria au mafua tu, lakini hilo watalisema wao na vipimo.

Kuna mmoja ameuliza kuhusu tendo la ndoa na nimeona niliunganishe hapa. Kwa mtu ambaye hajaugua na hana dalili jibu ni lilelile la juu. Kwa mwanaume aliyeugua ebola akapona ni habari nyingine, kirusi kinaweza kujificha kwenye shahawa miezi mingi, kwa hiyo ni kondomu mpaka vipimo viwili vya shahawa vitoke safi, na kama hakuna vipimo basi ni miezi 12 toka alipoanza kuumwa.

Mashemeji waambie wapige simu angalau. Serikali nazo hupagawa, usishangae ndugu: Oktoba 2014 nesi Kaci Hickox alirudi Marekani kutoka Sierra Leone akawekwa kwenye hema nje ya hospitali New Jersey, hana dalili, kipimo hakina kitu. Akaachiwa akaenda jimbo la Maine, na huko nako wakataka kumfungia nyumbani, akagombana nao mpaka kwa jaji, na jaji akamlegezea masharti. Hakuwahi kuugua.

Nina mimba ya miezi saba. Kuna mlipuko na naogopa kwenda kliniki, nesi atakayenishika tumbo kashika nani kabla yangu? Bora nizalie nyumbani. Mama Kijacho.

Swali lako la "kashika nani kabla yangu" ni la haki kabisa mama, tena ndo hilohilo la Vienna. Ila la kuzalia nyumbani hapana. Damu ikitoka nyingi huko nyumbani hakuna wa kuizuia, na kwenye milipuko iliyopita kina mama wengi walikufa bila ebola kabisa, walikufa kwa kukaa mbali na hospitali.

Nenda, ila nenda na macho. Getini pawe na maji na sabuni au klorini, na mtu wa kupima joto na kuuliza maswali. Wenye homa wawe wametengwa sehemu yao, sio benchi moja na wewe. Nesi anayekupima anawe au apake dawa ya mikono mbele yako, na glavu zikihitajika avae mpya, sio zile alizotoka nazo kitanda cha jirani. Sindano ifunguliwe kwenye pakiti ukiwa unaona. Kimoja kikikosekana uliza kwa upole, "Sista, samahani, umebadilisha glavu?" Kuna atakayenuna, muache anune, atabadilisha huku amenuna. Na kama getini hakuna maji wala mtu, omba kuonana na mganga mkuu wa pale, au mtafute mkunga wao umuulize siku hizi wanazalishia wapi, vituo vingi wakati wa mlipuko vinahamishia wazazi jengo lao peke yao.

Wewe mwenyewe ukipata homa kabla ya siku ya kliniki, piga simu kwanza ndo utoke nyumbani.